Injini Niliyoifunga kwa Ajili ya Baba

Nikiulizwa kama injini ya dizeli inaingia kwenye pikapu ndogo ya petroli, najibu inaingia. Kila kitu kinaingia ukiwa na grinda, mashine ya kuchomelea na kiburi. Wateja hucheka, wakidhani natania. Halafu nawaelekeza kwa fundi mwingine, upande wa pili wa soko la mifugo, nao wanabaki kunitazama, kwa sababu mafundi wote wa Garissa wanajua kazi hiyo niliwahi kuifanya na ikatoka safi. Ilitoka safi kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Mimi ni mtoto wa watu wawili wasiofanana hata kidogo. Mama alikuwa wa kando ya Mto Tana, watu wa migomba na maembe, na Kiswahili changu nimekinyonya kwake. Baba alikuwa mfugaji wa upande wa Hadado, huko Wajir, mtu wa ngamia. Alimjengea mama nyumba hapa mjini, lakini yeye mwenyewe mji ulimshinda. Alikuwa akija siku kumi, anaanza kusema kuta zinamkaba, siku ya kumi na moja hayupo. Mama alipofariki, baba akabaki huko moja kwa moja na mke wake mdogo, ambaye mimi humwita eeddo, jina tunalowaitia shangazi na mama wa kambo. Kila mwezi niliwapelekea unga, sukari, majani ya chai, na kiangazi kikikaza, mapipa mawili ya maji.

Pikapu yangu wakati huo ilikuwa ya petroli, yenye sauti nyembamba, na bomba la moshi lilikuwa na tundu lililoifanya ipige mluzi. Fundi mwenye gari linalopiga mluzi, aibu iliyoje. Lakini huko nchi ni tambarare na sauti husafiri, na kila nilipofika nilikuta chai imeshamiminwa. Kwa hiyo tundu lile nililiacha lilivyo.

Kisha mkojo ukamfunga baba. Ilikuwa mara ya kwanza, na eeddo alinipigia simu akiona haya kulitaja neno lenyewe. Nilimchukua, tukaanza kurudi Garissa, na njiani injini ikachemka mara tatu. Mchanga wa njia ile unavuta gari kama mtu anayekushika kanzu. Kila ikichemka tulikaa chini ya jua kungoja ipoe, mimi napepea radieta kwa kipande cha boksi kama mchoma mahindi, baba amelala nyuma chini ya turubai ameuma kilemba chake. Hakulia. Nilitamani alie, nijue angalau maumivu yamefika wapi.

Hospitali walimtia mpira wa kutoa mkojo, akapona siku ileile. Daktari alinivuta kando akaniambia kuna tezi imekua, inafaa kufanyiwa upasuaji, na kama hataki basi nisikie vizuri: ukimfunga tena una siku moja ya kumfikisha, ya pili ni bahati, ya tatu usiitegemee. Baba alikataa upasuaji. Alisema kisu ni cha mnyama. Nilimgombeza mbele ya wauguzi, nikamwita kichwa kigumu, jambo ambalo mtoto hamwambii mzazi, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika mkono, akasema, “Nikizidiwa, njoo wewe. Gari la mtu mwingine sipandi.” Niliona ni ukaidi wa wazee, nikaitikia ili yaishe.

Usiku na mchana nikawa nafikiria zile mara tatu za kuchemka. Siku moja ya daktari, na injini yangu ingeweza kuimaliza nusu yake imekaa mchangani inatoa mvuke. Dizeli haichemki ovyo. Dizeli inavuta mchangani kwa gia ya pili bila kulalamika. Na petroli ukiishiwa kule umekwisha, ila dizeli, popote penye kisima kuna jenereta, na penye jenereta kuna pipa. Nikaamua kubadilisha injini.

Niliipata kwenye gari la abiria lililopinduka, ya silinda nne, pampu yake nzima, nozo zake nzima. Nilimwita rafiki yangu, Mkamba mmoja mzee kunizidi, mchomeleaji ambaye akishika chuma kimeshikana mpaka Kiyama. Alizunguka pikapu, akazunguka injini iliyolala kwenye tairi kuukuu, akatikisa kichwa.

“Fundi, unataka kumtwisha mbuzi mzigo wa ngamia.”

“Wewe choma, mzigo niachie mimi.”

“Nitachoma. Mimi nalipwa kuchoma, silipwi kushauri.”

Kazi ilituchukua wiki tatu. Tuliitoa ile ya petroli kwa mnyororo tuliotundika kwenye mwarobaini, tukakata vikalio vyake vyote kwenye chasi, tukatengeneza vipya kwa chuma cha springi ya lori. Giaboksi ya zamani ilikataa kukutana na injini mpya, ikabidi tuweke ya dizeli yenyewe, nayo ikawa ndefu, tukakata propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kuichomelea upya. Nilibadilisha radieta. Nilinyanyua springi za mbele maana pua ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Tangi nililiosha mara tatu mpaka harufu ya petroli ikaisha. Breki zilinisumbua kuliko vyote, kwa sababu dizeli haina ule mvuto wa hewa unaosaidia kanyagio, mpaka nikafunga pampu yake ndogo na kuvuta paipu mpya. Sikuacha kitu. Wallahi sijawahi kufanya kazi kwa makini vile, wala kabla wala baada.

Bomba la moshi ndilo nililofanya kwa raha zangu. Nilichukua la lori, pana, nikalipitisha chini moja kwa moja. Sailensa ya kumeza mlio nilikuwa nayo, imening'inia ukutani, inaenea kabisa. Sikuifunga. Nilipenda mngurumo. Tulipoiwasha mara ya kwanza vioo vya duka la jirani vilitetemeka, na yule Mkamba akaweka mikono kiunoni akacheka mpaka akakohoa. Nilijiona dume. Nilitaka safari ya kwanza nimshangaze mzee, kwa hiyo sikumwambia mtu yeyote wa kule.

Eeddo alipiga simu hata wiki haijaisha. Ilikuwa asubuhi, ametembea tangu kabla ya alfajiri mpaka senta, ambako mtandao hushika. Mkojo umefunga tangu jana jioni, alisema, na homa imeanza. Nilimuuliza kama hakuna gari hapo la kumkimbiza Wajir. Gari la zahanati lilikuwa limempeleka mama mjamzito, halijarudi. Lori la maji lipo, dereva yuko tayari, lakini mzee amekataa. Amesema ananingoja mimi.

“Mwambie nimeshatoka,” nilisema. Nilikuwa bado nimeshika spana.

Ningeweza kuongeza neno moja tu. Eeddo, nimebadilisha injini. Lingechukua muda gani? Lakini mtu anayeambiwa baba yake anakufa haanzi kuhadithia habari za injini, na mimi kichwani nilikuwa naona barabara tu.

Ile pikapu ilienda. Sitaki kuisingizia. Modogashe niliipita kabla ya adhuhuri, na pale ambapo siku ile ilichemka nilipita nikiimba, naona aibu kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, niliimba. Nilitazama mshale wa joto, umekaa katikati kama umepigwa msumari. Nilifikiri, safari hii kifo kimekutana na fundi. Nilipoacha njia kubwa na kuingia kwenye vichaka jua lilikuwa bado juu ya miti, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimeokoa saa mbili nzima.

Bomani hapakuwa na mtu.

Kibanda cha mikeka kilikuwa wazi. Moto ulikuwa na makaa. Wanambuzi walikuwa wanalia kwenye zizi la miiba, na kando ya birika vikombe vitatu vimepangwa, kimoja kimemwagika. Niliita. Niliita tena. Niliona alama pana mchangani, kama ya kitu kilichoburutwa, na karibu na zizi alama za tairi kubwa mbili mbili. Nikasema alhamdulillahi, mzee amezidiwa, ukaidi umemwisha, wamembeba kwa lori la maji.

Mtoto yeyote wa Hadado wa miaka sita angeziangalia zile alama akanicheka. Tairi zile zilikuwa za juzi, upepo umeshalainisha kingo zake, na ule mburuto ulikuwa wa saa ileile, unaelekea upande mwingine kabisa, kwenye laga, mto mkavu uliojaa vichaka. Lakini mimi nimelelewa Garissa. Naweza kukuambia silinda ipi imechoka kwa kusikiliza tu, ila mchanga siujui kuusoma. Niligeuza gari nikafyatuka kwenda Wajir.

Hospitali ya kwanza hayupo. Ya pili hayupo. Lori la maji nililikuta kwenye yadi, na dereva wake akaniapia hajambeba mtu. Nikakaa kwenye kiti cha gari nje ya geti la hospitali mpaka adhana ya alfajiri, sijui nangoja nini, labda nilidhani wako njiani.

Kulipopambazuka niliwasha ili nirudi. Mlinzi wa geti, mzee wa rika la baba, alikuwa ameketi kwenye ndoo, na injini iliposhika aliruka akasimama nyuma ya nguzo. Halafu akaona ni pikapu, akatoka polepole huku akijipangusa kanzu kana kwamba hakujificha. Akaja dirishani. Nilikuwa nimeshamsimulia shida yangu tangu jana.

“Mzee wako analijua gari hili?”

“Analijua, adeer,” nilimjibu, nikimwita ami kwa heshima. “Miaka saba namjia nalo.”

“Analijua kwa macho au kwa sikio?”

Niliondoa mguu kwenye mafuta.

“Hawajaenda popote,” alisema. “Wako karibu hapohapo. Ukifika zima injini mbali, utembee kwa miguu, na uite kwa sauti.”

Baba alipokuwa kijana, malori ya askari yalikuja kwao asubuhi moja yakawachukua wanaume, yeye pamoja nao. Jambo hilo hakuwahi kunisimulia mimi. Nililipata kwa mama, vipande vipande, na nilikuwa nimeliweka pamoja na mambo ya kale. Na hata sasa misitu ile ina watu wenye bunduki, wengine wanatafuta, wengine wanatafutwa, na kwa mfugaji wote ni wamoja. Dizeli nzito yenye bomba wazi, inakuja kwa kasi, mahali pasipo na barabara. Mtu wa kule hasubiri kuona rangi yake. Anakimbia. Mimi nilijua hayo yote, nimeyajua tangu utotoni, na katika wiki tatu za kukata na kuchomelea hayakunijia hata siku moja.

Nilizima gari mwendo wa dakika ishirini kutoka bomani nikakimbia kwa miguu huku nikimwita baba kwa Kisomali, “Aabo! Aabo!” Eeddo alitokea kwenye laga ana miiba kichwani na mikono imechanika. Alinitazama kana kwamba anahesabu vidole vyangu.

“Ni wewe? Na wale wa jana umepishana nao?”

Nilimwambia wale wa jana walikuwa mimi.

Aligeuka akaniongoza. Alisikia gari likiwa mbali, akaniambia baadaye, na alikuwa ameshamimina chai kwa kunitarajia, lakini baba alisema hilo silo, hilo ni lori, nipeleke lagani unifiche. Alimvuta peke yake juu ya ngozi ya ngamia. Gari liliposimama bomani na mtu akaanza kuita, baba alimziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu watu wa malori huita kwa majina pia. Na lilipoondoka alikataa watoke, maana huwa wanaacha watu nyuma. Walilala humo, yeye na tumbo lake limekuwa gumu kama ubao.

Alikuwa amelazwa ubavu chini ya kichaka. Uso ulikuwa umevimba, na pumzi yake ilinuka kama kitu kilichochacha. Lakini aliponiona alinijua. Alinipapasa shavu.

“Nilimwambia utakuja,” alisema.

“Nimekuja, Aabo. Nisikilize. Naenda kuleta gari. Utasikia mlio mkubwa. Usiogope, ni mimi.”

Aliitikia kwa macho. Nilikimbia nikalileta, na nilipolisimamisha ukingoni mwa laga, injini inanguruma kwa sababu sikuthubutu kuizima na betri ilikuwa imeanza kunisumbua, macho yake yalikuwa yamebadilika. Alikuwa amekunja mikono kifuani. Tulipombeba hakupinga hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha, baba yangu kubebwa bila ubishi. Tulimweka mbele, kichwa kwenye mapaja ya eeddo, miguu kwangu.

Wajir ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Nilienda kwa mwendo ambao gari la petroli lisingeweza, na kila nilipobadili gia mguu wake ulishtuka kwenye paja langu. Baada ya muda nikasikia anazungumza. Nilimuuliza eeddo anasema nini. Akasema, “Sijui, si kwetu.”

Ilikuwa Kiswahili. Baba hakuwahi kunisemesha Kiswahili maishani mwake. Yeye na mama walizungumza Kisomali, na mimi pia Kisomali, hata nilipomjibu kwa lugha ya mama alijifanya hasikii. Alikuwa na kile kidogo cha kizuizini na cha ofisini, cha kusema na watu wenye vyeo, na hicho ndicho alichokuwa akinisemesha, huku akitazama usukani.

“Mkubwa. Mimi mtu mzee. Bunduki hakuna. Mimi nalinda ngamia tu.”

Nilisimamisha gari. Nilizima. Kimya kikatuingilia, na kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini hivi alitweta tu, kisha akageuza kichwa akanitafuta.

“Wamekwenda?” aliuliza, kwa Kisomali.

“Wamekwenda, Aabo.”

“Basi tukae hapa kidogo.” Alinishika mkono. Mkono ulikuwa wa moto na mkavu, na alinishika vile alivyonishika siku ile hospitalini. Nilitaka kukaa. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kukaa pale, gari limezimwa, baba ananijua. Eeddo aliweka kitambaa chenye maji midomoni mwake, akanitazama juu ya kichwa chake, akasema, “Washa.” Alikuwa na haki. Mbele yetu kulikuwa na hospitali na mpira na daktari, na kila dakika ya kukaa ilikuwa inatoka kwake. Niliutoa mkono wangu kwa nguvu, nikawasha.

Ikashika mara moja. Nilivyoifunga vizuri.

Alilala macho yamefumbwa, mpaka nikaanza kuona minara ya simu ya Wajir. Halafu akainua kichwa, akakinyanyua kabisa kutoka mapajani mwa eeddo, na sauti yake ikawa ya adabu, ya mtu aliyesimama mbele ya meza.

“Mkubwa, mimi nakwenda na wewe, hakuna maneno. Lakini kijana yangu iko Garissa, yeye fundi ya gari tu. Yeye nashika sbana. Yeye hajui kitu. Wewe acha yeye.”

Eeddo aliniuliza anasema nini. Nilikuwa na barabara mbele na machozi yananiziba, na nikafikiri nimjibu kwa Kisomali, nimwambie Aabo ni mimi, lakini nilikuwa nimeshamwambia mara ngapi na injini ilikuwa inanizidi sauti. Kwa hiyo nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti nzito, kama mmoja wa wale askari.

“Kijana wako hatuna shida naye, mzee. Tumemwacha.”

Alirudisha kichwa chini taratibu. “Asante, mkubwa,” alisema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwa baba yangu.